Soka, netiboli, voliboli au bao: kulinganisha alama za wanafunzi bila kudanganywa na wastani

Madodoso yanarudi, alama zinaingizwa kwenye Excel, wastani wa kila mchezo unapigwa, chati ya nguzo inachorwa, na hitimisho linaandikwa: soka linaongoza kwa 3.88, bao linashika mkia kwa 2.38. Tafiti nyingi ndogo kuhusu michezo shuleni huishia hapo. Nyingine husogea hatua moja mbele na kutumia kipimo cha takwimu, ila kipimo kisichofaa. Kosa huwa ni lilelile: mtafiti anazichukulia safu nne za alama kana kwamba zimetoka kwa makundi manne ya wanafunzi, ilhali ni wanafunzi walewale walioipa alama michezo yote minne.

Tuchukue mfano mdogo ambao hesabu zake zinafanyika hata kwa mkono. Namba zimetungwa kwa ajili ya maelezo tu, si matokeo ya shule yoyote. Wanafunzi 8 wa kidato cha pili wameupa kila mchezo alama kuanzia 1, yaani siupendi kabisa, hadi 5, yaani naupenda sana.

| Mwanafunzi | Soka | Netiboli | Voliboli | Bao |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 5 | 3 | 4 | 2 |
| 2 | 5 | 4 | 4 | 3 |
| 3 | 4 | 2 | 3 | 1 |
| 4 | 3 | 2 | 2 | 1 |
| 5 | 4 | 5 | 3 | 3 |
| 6 | 3 | 5 | 4 | 2 |
| 7 | 5 | 5 | 5 | 4 |
| 8 | 2 | 1 | 2 | 3 |
| Wastani | 3.88 | 3.38 | 3.38 | 2.38 |

Ukilisoma jedwali hili kwa safu, kutoka juu kwenda chini, unaona fujo. Soka limepata 5 na limepata 2. Netiboli imepata 5 na imepata 1. Ukilisoma kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, fujo inapungua. Mwanafunzi wa 7 ni mkarimu, hakuna mchezo alioupa chini ya 4. Wa 4 ana mkono mzito, alama yake ya juu kabisa ni 3. Hata hivyo wote wawili wameliweka bao mwisho na wala hawakulishusha soka chini ya mchezo wowote. Ile 4 ambayo wa 7 amelipa bao ni kubwa kuliko 3 ambayo wa 4 amelipa soka, lakini kwa wa 7 hiyo 4 ndiyo ya chini kabisa, na kwa wa 4 hiyo 3 ndiyo kilele. Anayelinganisha safu kwa safu anaitupa habari hiyo yote.

Ukarimu huo unapimika. Wastani wa alama zote 32 ni 3.25. Chukua tofauti ya kila alama na 3.25, ipige kipeo cha pili, kisha jumlisha zote: unapata 52. Huo ndio mtawanyiko wote uliomo kwenye jedwali. Ukiugawa kwa chanzo chake, 27.5 zinatokana na tofauti kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, 9.5 zinatokana na tofauti kati ya mchezo na mchezo, na 15 ni mabaki. Zaidi ya nusu ya mtawanyiko, basi, haihusu michezo hata kidogo. Inahusu mkono wa mtoa alama.

ANOVA, yaani uchambuzi wa mtawanyiko unaolinganisha wastani wa makundi, katika sura yake ya kawaida ya makundi huru haina habari na mwanafunzi, kwa hiyo inazimwaga zile 27.5 kwenye mabaki. Mabaki yanafika 42.5, F (mtawanyiko wa michezo ukilinganishwa na wa mabaki, kila mmoja umegawanywa kwa digrii huru zake) inatoka 2.09, na jedwali la F kwa digrii huru 3 na 28 linadai angalau 2.95 kwa kiwango cha 0.05, yaani hatari ya asilimia 5 ya kutangaza tofauti isiyokuwepo. Jibu: hakuna tofauti ya kuaminika. ANOVA ya vipimo vya kurudiwa inaanza kwa kuziondoa zile 27.5, mabaki yanakuwa 15 tu, F inapanda hadi 4.43, na kizingiti chake kwa digrii 3 na 21 ni 3.07. Jibu: tofauti ipo. Data ni zilezile, majibu yanapingana, na lililokosewa ni la kwanza, kwa sababu limejengwa juu ya makundi manne ambayo hayapo.

Kuna wanaokimbilia kai-skwea, kipimo cha kulinganisha idadi za watu katika vyumba vya jedwali. Wanahesabu ni wangapi wameupa kila mchezo 1, wangapi 2, na kuendelea, wanapata jedwali la michezo 4 kwa alama 5. Hapo makosa ni matatu kwa mpigo. Kai-skwea ya kawaida inadai kila mtu ahesabiwe mara moja, na hapa kila mwanafunzi amehesabiwa mara nne, kwa hiyo kompyuta inaamini ina watu 32. Pili, majibu 32 yakigawanywa kwenye vyumba 20 ni wastani wa 1.6 kwa chumba, wakati kanuni ya kawaida inataka idadi inayotarajiwa isiwe chini ya 5 katika vyumba vilivyo vingi. Tatu, kai-skwea haijui kwamba 5 ni zaidi ya 4. Ukibadilisha mpangilio wa alama hizo upendavyo, jibu linabaki vilevile.

Kwa data za namna hii, kipimo kinachofaa kuanza nacho ni cha Friedman. Ni Milton Friedman yuleyule mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kipimo alikichapisha mwaka 1937, akiwa bado kijana. Wazo lake ni kuacha kuzitazama alama zenyewe na kutazama nafasi ya kila mchezo ndani ya mstari wa mwanafunzi mmoja. Kwa njia hiyo ukarimu na mkono mzito vinafutika vyenyewe, maana kila mwanafunzi anagawa nafasi zilezile, 1 hadi 4, na jumla yake ni 10 kwa kila mtu. Faida nyingine ni kwamba hulazimiki kuamini kuwa umbali kati ya 1 na 2 ni sawa na umbali kati ya 4 na 5. Ubishi juu ya umbali huo ni wa muda mrefu. Mizani ya aina hii imekuwa ikitumika tangu Rensis Likert aieleze mwaka 1932, na wanaopiga wastani wake si wakosefu wote. Kwa sampuli kubwa wastani huleta majibu yanayokaribiana na ya nafasi. Kwa wanafunzi 8, au hata 30, nafasi ni salama zaidi.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Ndani ya kila mstari, mchezo wenye alama ndogo kabisa unapewa nafasi 1 na wenye alama kubwa kabisa nafasi 4. Michezo ikilingana alama, inagawana nafasi: mwanafunzi wa 2 ameipa netiboli na voliboli 4 zote mbili, zinashikilia nafasi ya 2 na ya 3, kwa hiyo kila moja inapata 2.5. Mwanafunzi wa 7 amelinganisha michezo mitatu, inashikilia nafasi 2, 3 na 4, kila mmoja unapata 3. Kwenye Excel, kama alama ziko seli B2 hadi E2, fomula ni =RANK.AVG(B2,$B2:$E2,1). Alama ya dola ikae mbele ya herufi, isikae mbele ya namba. Ukiiweka mbele ya namba, ukinakili fomula kwenda chini, kila mwanafunzi atalinganishwa na mstari wa mwanafunzi wa kwanza, na Excel itatoa #N/A pale tu alama yake isipokuwepo kwenye mstari huo. Ile 1 ya mwisho ndiyo inayoamuru kuanza na ndogo. Baadhi ya kompyuta hudai nuktamkato badala ya mkato kati ya sehemu za fomula, kutegemea mpangilio wa lugha na nchi.

Jumla za nafasi zinatoka hivi: soka 26.5, netiboli 21, voliboli 21, bao 11.5. Zijumlishe kabla ya kwenda mbele. Lazima zifike 80, yaani wanafunzi 8 mara 10. Zikitoka 79.5 kuna nafasi iliyogawanywa vibaya, na ni afadhali uigundue sasa.

Kisha piga kila jumla kipeo cha pili: 702.25, 441, 441 na 132.25, ambazo kwa pamoja ni 1716.5. Zidisha kwa 12, gawanya kwa zao la idadi ya wanafunzi, idadi ya michezo, na idadi ya michezo ongeza moja, yaani 8 × 4 × 5 = 160. Unapata 128.74. Toa 3 × 8 × 5 = 120. Kinachobaki ni 8.74.

Wengi husimama hapo, na ni mapema mno. Alama zinazolingana zinakipunguzia kipimo nguvu, na kwenye mizani ya 1 hadi 5 ulinganifu hauepukiki. Kwa kila kundi la alama zinazolingana ndani ya mstari, chukua idadi yake, ipige kipeo cha tatu, toa idadi yenyewe. Kundi la mbili linatoa 6, kundi la tatu linatoa 24. Hapa tuna makundi manne ya mbili, kwa wanafunzi wa 2, 4, 5 na 8, na kundi moja la tatu kwa wa 7: jumla 48. Gawanya kwa 8 × 4 × 15 = 480, ambapo 15 ni kipeo cha pili cha idadi ya michezo kutoa moja. Unapata 0.1. Toa kwenye 1, inabaki 0.9. Gawanya 8.7375 kwa 0.9: jibu la mwisho ni 9.71. Programu za takwimu kama R na SPSS hufanya sahihisho hili zenyewe, ndiyo maana jibu la mkono na la kompyuta mara nyingi hutofautiana na mwanafunzi akadhani kompyuta imekosea.

Namba hiyo inapimwa kwa jedwali la kai-skwea lenye digrii huru 3, yaani michezo kutoa moja. Kizingiti cha 0.05 ni 7.815, tumekivuka. Kwa thamani kamili, inayoitwa p, =CHISQ.DIST.RT(9.708,3) ya Excel inatoa takriban 0.021. Maana yake ni hii: kama wanafunzi hawana upendeleo wowote na nafasi zinaangukia michezo kwa bahati tupu, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea takriban mara 21 katika kila 1,000. Si uwezekano wa asilimia 98 kwamba soka linapendwa zaidi. Wala kipimo hakijasema lolote kuhusu soka. Kimesema tu kwamba michezo minne haiko sawa.

Katika R amri ni fupi: friedman.test(as.matrix(d)), ambapo d ni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mwanafunzi. Mtego uliopo ni safu ya namba za wanafunzi. Ukiisahau ndani ya d, R itaichukulia kuwa mchezo wa tano, na kwa kuwa namba hizo hupanda hadi mamia, huo ndio mchezo utakaoonekana kupendwa kuliko soka.

Je, tofauti ni kubwa kiasi gani? Thamani ya p haijibu swali hilo. Gawanya 9.708 kwa idadi ya wanafunzi mara michezo kutoa moja, yaani 24, unapata 0.40. Hiki ni kipimo cha makubaliano cha Kendall, kinachoitwa W. Kikiwa 0 maana yake wanafunzi hawakubaliani hata kidogo kuhusu mpangilio wa michezo. Kikiwa 1 wote wameipanga sawasawa. W lazima iandamane na p kwa sababu p inanunulika kwa wingi wa watu. Chukua wanafunzi 600 wenye W ya 0.02, yaani karibu hakuna makubaliano yoyote. Kipimo cha Friedman kitakuwa 0.02 × 600 × 3 = 36, juu sana ya 16.27 inayodaiwa kwa kiwango cha 0.001. Ripoti itang'ara nyota tatu za umuhimu wa kitakwimu, na bado ukimchagua mwanafunzi yeyote huwezi kutabiri mpangilio wake.

Sasa swali analolisubiri mwalimu wa michezo: ni mchezo gani hasa unaoushinda upi? Michezo minne inatoa jozi sita. Ukizipima zote sita kwa kiwango cha 0.05, uwezekano wa kupata angalau tofauti moja ya uongo unapita mbali asilimia 5. Tiba rahisi ni ya Bonferroni: gawanya 0.05 kwa 6, kila jozi ipimwe kwa 0.0083. Njia ya Holm ya mwaka 1979, inayoanza na p ndogo kabisa na kulegeza kizingiti hatua kwa hatua, haina ukali usio wa lazima na haikosi lolote ambalo Bonferroni analipata, kwa hiyo sioni sababu ya kumchagua Bonferroni isipokuwa urahisi wa kuhesabu.

Jozi moja moja hupimwa kwa kipimo cha nafasi zenye alama za jumlisha na kutoa cha Frank Wilcoxon, cha mwaka 1945. Soka kutoa bao, kwa mwanafunzi wa 1 hadi wa 8: 3, 2, 3, 2, 1, 1, 1, −1. Panga ukubwa bila kujali ishara, gawa nafasi, kisha jumlisha za upande wa kutoa: ni 2.5 tu, dhidi ya 33.5 za upande wa kujumlisha. Ishara za wanafunzi 8 zinaweza kupangika kwa njia 256. Zenye jumla ya upande wa kutoa isiyozidi 2.5 ni 5, na kwa pande zote mbili ni 10. Kwa hiyo p ni 10 kwa 256, yaani 0.039. Iko chini ya 0.05, lakini haifiki 0.0083. Tena tazama: hata kama wote 8 wangelipa soka alama kubwa kuliko bao, p ndogo kabisa inayowezekana ni 2 kwa 256, yaani 0.0078. Kwa wanafunzi 8 na jozi sita, Bonferroni haruhusu tofauti yoyote ipite isipokuwa wote wawe na kauli moja. Kwa wanafunzi 5 hali ni mbaya zaidi: p ndogo kabisa ni 0.0625, hata jozi moja haiwezi kufika 0.05 hata iweje. Hii ndiyo sababu ya kuhesabu sampuli kabla ya kugawa madodoso. Kwa michezo minne, chini ya wanafunzi 30 ni kujitafutia majibu ya "haijulikani".

Kuna njia nyingine, ya Nemenyi, inayolinganisha wastani wa nafasi. Kwa michezo 4 na wanafunzi 8, tofauti inayotakiwa ni 2.569 mara kipeuo cha pili cha 20 kwa 48, sawa na 1.66. Soka lina wastani wa nafasi 3.3125, bao 1.4375, tofauti ni 1.875. Kwa Nemenyi soka limelishinda bao, na jozi nyingine zote zimeshindwa kutenganishwa. Kwa Wilcoxon na Bonferroni hata hiyo moja haikupita. Hakuna aliyekosea hesabu, ni vipimo viwili vinavyouliza maswali yanayotofautiana kidogo. Kinachokatazwa ni kuvijaribu vyote kisha kuripoti kilichokupendeza. Chagua kabla hujaona data, andika kwenye pendekezo la utafiti. Binafsi naegemea Wilcoxon na Holm, kwa sababu Nemenyi ina tabia isiyopendeza: hukumu ya soka dhidi ya bao inaweza kubadilika ukiongeza au kuondoa riadha kwenye orodha, ilhali riadha haihusiki na ugomvi huo.

Wilcoxon nayo ina kona zake. Mwanafunzi wa 5 amezipa voliboli na bao alama sawa, tofauti ni sifuri, na programu nyingi humtupa nje kimyakimya. Jozi hiyo inabaki na watu 7. Ripoti idadi halisi ya waliobaki kwa kila jozi.

Rudi sasa kwenye netiboli na voliboli. Wastani ni uleule 3.38, jumla ya nafasi ni ileile 21. Hakuna kipimo kati ya hivi kitakachozitenganisha, na bado ni michezo miwili iliyopokelewa kwa namna mbili. Voliboli inazunguka katikati, mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni 1.06. Netiboli ina 5 tatu kwa mpigo, kisha 2, 2 na 1. Mkengeuko ni 1.60. Mchezo mmoja hauwakeri wengi, mwingine una mashabiki na wasioutaka. Kwa mkuu wa shule mwenye fedha za uwanja mmoja, habari hiyo ina uzito kuliko p yoyote. Kabla ya kipimo chochote, chora idadi ya 1, 2, 3, 4 na 5 kwa kila mchezo na uzitazame.

Netiboli ikigawanyika hivyo, jambo la kwanza la kushuku ni jinsia, kwa kuwa katika shule zetu nyingi timu ya netiboli ni ya wasichana. Wastani wa jumla wa wavulana na wasichana unaweza usimweleze mtu yeyote. Kosa la kawaida hapa ni kupima wavulana peke yao, kisha wasichana peke yao, na kusema: kwa wasichana tofauti ya netiboli na soka imepita, kwa wavulana haikupita, kwa hiyo wanatofautiana. Hilo halifuati. Huenda wavulana walikuwa wachache tu. Njia sahihi ni nyepesi: kwa kila mwanafunzi toa alama ya soka kwenye ya netiboli, upate namba moja kwa kila mtu, kisha linganisha namba hizo kati ya wavulana na wasichana kwa kipimo cha Mann na Whitney, kinacholinganisha makundi mawili kwa nafasi. Hapo makundi ni huru kweli.

Wenye sampuli kubwa na kompyuta wanaweza kufanya yote kwa pigo moja kwa modeli ya alama zenye mpangilio. Katika R kifurushi kinaitwa ordinal, na amri ni clmm(alama ~ mchezo * jinsia + (1 | mwanafunzi), data = ndefu). Mambo mawili huikwamisha. Data lazima ziwe ndefu, yaani mistari 32 badala ya 8, kila mstari alama moja. Na safu ya alama lazima igeuzwe kwanza kwa factor(alama, ordered = TRUE), la sivyo amri inagoma.

Yote hayo hayawezi kuokoa dodoso bovu, na kwa data za michezo dodoso huharibika kwa njia zinazojirudia. Kubwa kuliko zote kwa Tanzania ni maana ya namba 1. Mwanafunzi anajua kwamba daraja la kwanza ndilo bora na wa 1 darasani ndiye bingwa. Ukimpa mizani tupu ya 1 hadi 5, wapo watakaoandika 1 kwa mchezo wanaoupenda kuliko yote. Hao wachache wanageuza mistari yao juu chini na hutawatambua kwa macho. Weka maneno chini ya kila namba, si kwenye ncha mbili tu, na mwisho wa dodoso uliza: "Ukiruhusiwa mchezo mmoja tu, utacheza upi?" Anayetaja soka huku amelipa 1 na mingine 4, dodoso lake litengwe, na idadi ya waliotengwa iripotiwe.

Majina ya michezo nayo yawe kamili. "Mpira" peke yake kwa wengi ni soka, lakini netiboli pia ni mpira wa pete na voliboli ni mpira wa wavu. "Bao" ni tatizo zaidi: yupo anayejua bao la Kiswahili lenyewe, mashimo 32 na kete 64, na yupo aliyewahi kusogeza mawe kwenye vishimo vya mchangani tu. Tena eleza kama unauliza kucheza au kutazama. Anayeshabikia soka kila wikendi kwenye runinga bila kugusa mpira atakupa 5, na 5 hiyo haisemi lolote kuhusu mahitaji ya mipira shuleni.

Mchezo unaotajwa kwanza hubebwa. Chapisha matoleo manne yenye mpangilio tofauti: soka, netiboli, voliboli, bao; netiboli, bao, soka, voliboli; bao, voliboli, netiboli, soka; voliboli, soka, bao, netiboli. Kwa mpangilio huo kila mchezo unakaa kila nafasi mara moja, na kila mchezo unafuatia kila mwenzake mara moja. Andika namba ya toleo kwenye kona ya karatasi, maana wakati wa kuingiza data ni rahisi mno kuziandika alama kwenye safu za mchezo mwingine. Mwalimu anayefundisha timu asigawe wala kukusanya karatasi. Na usikusanye wiki ambayo timu ya voliboli imerudi na kombe la UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari) ngazi ya wilaya, isipokuwa unapima furaha ya kombe.

Kisanduku cha "sijawahi kuucheza" ni lazima kiwepo. Kisipokuwepo, asiyeujua mchezo ataweka 3, na 3 hiyo itasomeka kama maoni ya mtu aliyepima akaona ni wastani. Kikiwepo, kinaleta kazi nyingine: Friedman inataka mistari kamili, na friedman.test ikipewa jedwali lenye pengo inauondoa mstari wote bila kukuambia. Tuseme umeongeza kikapu kwenye utafiti wa shule sita na uwanja wa kikapu upo kwenye mbili tu. Waliobaki kwenye hesabu ni wanafunzi wa shule hizo mbili, ingawa kichwa cha ripoti kinasema sita. Aidha uondoe kikapu kwenye ulinganisho mkuu na kukieleza peke yake, au utumie kipimo cha Skillings na Mack cha mwaka 1981 ambacho kinavumilia mapengo, au modeli ya clmm.

Shule sita zinaleta suala la mwisho. Wanafunzi wa darasa moja wana uwanja mmoja, mwalimu mmoja na marafiki walewale, kwa hiyo maoni yao hufanana. Wakiwa 40 kwa darasa na ufanano wa ndani ukiwa 0.05 tu, hesabu ni 1 + 39 × 0.05 = 2.95. Gawanya 300 kwa namba hiyo: wanafunzi 300 wanakuwa na uzito wa takriban 102 tu waliojibu kila mmoja kivyake. Ni afadhali wanafunzi 15 kwa kila darasa katika madarasa 20 kuliko 50 kwa kila darasa katika madarasa 6, na waliochaguliwa watoke kwenye daftari la mahudhurio kwa kura, si waliokutwa uwanjani saa kumi jioni.

Kwa data zetu za mfano, sehemu ya matokeo ingeandikwa hivi: "Wanafunzi 8 waliipa alama michezo minne. Nafasi za michezo hiyo zilitofautiana kuliko inavyotarajiwa kwa bahati (Friedman, kai-skwea = 9.71 baada ya kusahihisha ulinganifu, digrii huru 3, p = 0.021, W = 0.40). Wanafunzi 7 kati ya 8 walilipa soka alama kubwa kuliko bao; hata hivyo tofauti ya jozi hiyo haikupita baada ya kusahihisha kwa jozi sita (Wilcoxon, p = 0.039 kabla ya sahihisho, kizingiti 0.0083). Netiboli na voliboli zililingana kwa wastani, lakini alama za netiboli zilitawanyika zaidi." Kando yake waandikwe kidato, mwezi wa kukusanya data, idadi ya waliokataa kujibu na ya madodoso yaliyotengwa, na chati yenye alama zote tano kwa kila mchezo badala ya nguzo nne za wastani.